Mama Anajaza Tu

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili nimelinunua leo, kwa sababu nisipopata mahali pa kumwaga hasira nitamtukana mtu, na ndiyo kwanza nina wiki moja kazini.

Nieleze basi. Baba yangu ni mchora katuni. Kwa miaka thelathini na mmoja, kila Jumamosi, gazeti lilitoka na ukurasa mzima wa Tarishi: yule mjumbe wa ofisi mwenye viatu vikubwa, faili kwapani na mwavuli usiofunguka. Watu walikuwa wanaanza kusoma gazeti kwa nyuma. Sasa studio hii iliyoniajiri inatengeneza filamu ya Tarishi kwa kompyuta, na inataka ionekane imechorwa kwa mkono, kana kwamba ukurasa wa gazeti umeamka ukaanza kutembea. Mimi ni mchoraji pia, nimechora vibonzo vya matangazo miaka tisa. Waliponiita nilitoa sharti moja tu: mstari uwe wa baba. Mstari ule unaanza mnene, unakonda njiani, na kwenye kiwiko unakatika kidogo kama mtu aliyevuta pumzi. Wakaitikia wote: ndiyo, ndiyo, kabisa.

Leo nimeonyeshwa jaribio la kwanza. Tarishi anashuka ngazi. Anang'aa kama sabuni iliyoloa na hana mstari hata mmoja mwilini.

"Umeona alivyo laini?" aliniuliza mkurugenzi, anatabasamu.

Nimeona. Kuanzia leo, humu ndani, jina lake ni Bwana Laini.

Jumanne, 5 Machi

Mvua zimeanza. Dari la chumba changu linavuja mahali patatu, kitandani pakiwemo.

Alhamisi, 7 Machi

Nimehamia kwa wazazi mpaka mvua zikatike. Baba amefurahi kwa sababu amepata msikilizaji mpya wa hadithi za gazetini. Mama amenikabidhi shuka, akaniuliza kama nimekula, akarudi kwenye pasi yake.

Nimelala katika chumba cha kuchorea. Meza bado ipo, ina madoa ya wino. Nilipokuwa mdogo sikuruhusiwa kuingia humu Alhamisi. Baba alichora Jumatatu mpaka Jumatano, Ijumaa ukurasa unapelekwa gazetini, na Alhamisi mlango ulifungwa kwa sababu mama alikuwa anajaza. Ndivyo tulivyosema nyumbani: baba anachora, mama anajaza. Anajaza weusi, nywele, viatu, mahali palipobaki patupu. Mimi mwenyewe nilikaribia kuzaliwa juu ya meza hii, maana uchungu ulimshika mama Alhamisi akiwa anajaza. Hadithi hiyo nimeisikia mara mia.

Jumatano, 13 Machi

Kazi yangu ni hii. Kompyuta inatengeneza mwili wa Tarishi, mzito na wa mviringo, na mimi juu yake nachora mistari kwa kalamu isiyo na wino kwenye ubao wa kioo. Fundi, dada wa programu anayekaa meza ya pili na visikizio shingoni, anaifundisha mashine ifuate mistari hiyo, ili Tarishi akigeuka mstari ugeuke naye. Ili mashine ijifunze vizuri tumeipa pia kurasa mia nne za asili kutoka sanduku la baba, zote tumezipiga picha moja moja. Fundi ana maneno machache na akili nyingi. Nampenda.

Tumegombana na Bwana Laini kwa mara ya kwanza. Kompyuta inataka picha ishirini na nne kwa kila sekunde, zote tofauti, ndiyo maana kila kitu kinateleza. Nilimwomba Fundi kila mchoro ukae picha mbili kabla ya kubadilika, kama walivyofanya watu waliochora kwa mkono. Papo hapo Tarishi akapata miguu.

"Mbona anakwamakwama?" alisema Bwana Laini.

"Hakwami. Anatembea kama mchoro."

"Watazamaji wa leo wamezoea laini, dada yangu."

Akanipigapiga begani! Halafu akanieleza, kwa upole wa kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, kwamba kundi la ghorofa ya juu nalo linatengeneza Tarishi wao, laini kabisa. Tarehe 3 Mei wadau watatazama dakika moja na nusu ya kwetu na dakika moja na nusu ya kwao, kisha wachague moja. Wakichagua ile ya juu, mstari wa baba unatupwa, na watoto wa kesho watamjua Tarishi kama kipande cha sabuni. Haitatokea nikiwa hai.

Ijumaa, 15 Machi

Mtambo wa kuchapia gazeti ulikuwa mkongwe, rangi haikukaa ndani ya mstari, na tai ya Tarishi ilimwaga wekundu shingoni kila wiki. Tumeurudisha wekundu ule. Bwana Laini ametuma ujumbe kwa ofisi nzima: kuna kosa kwenye tai, lirekebishwe. Nimejibu kwa ofisi nzima: kosa hilo limekuzidi umri. Fundi amecheka mpaka visikizio vimeanguka.

Jumatatu, 18 Machi

Nimepita chumbani kwangu. Ndoo zote tatu zimejaa. Nimezimwaga, nimezirudisha.

Alhamisi, 21 Machi

Tarishi sasa ana mistari, ana vitone vya wino kama vya karatasi ya gazeti, ana tai inayomwaga. Na bado si yeye. Ni binamu yake aliyeazima nguo. Nimemtazama kutwa nzima, nimefuta, nimechora tena, sijui kasoro iko wapi. Kinachonichoma ni kwamba Bwana Laini naye ameiona. "Kuna kitu," alisema, akaenda zake akipiga mluzi.

Alhamisi, 28 Machi

Kasoro imepatikana, na nimeudhika zaidi kuliko nilipokuwa siijui.

Fundi aliniita mezani kwake. Kwenye skrini alikuwa ameweka vivuli viwili vya chini ya kofia, kimoja chetu, kimoja cha gazetini. Kivuli cha Tarishi hakipakwi. Ni vistari vingi vyembamba vilivyolala pamoja kama nyasi. Vyetu vimelalia kulia. Vya gazetini vimelalia kushoto. Akafungua ukurasa mwingine, kushoto. Mwingine, kushoto.

"Mtu wa mkono wa kulia akichora haraka, vistari vyake vinalalia kulia, kama vyako," alisema. "Hivi ni vya mtu wa shoto. Mzee ana shoto?"

"Baba hana shoto."

"Una uhakika?"

Nilimjia juu, masikini, utadhani amemsingizia baba wizi. Nilimwambia nimekaa na baba yangu miaka thelathini na minne, nimemwona akila, akiandika, akinyoa ndevu, akinipungia mkono. Bila shaka alikuwa anageuza karatasi. Wachoraji wengi wanageuza karatasi. Fundi akasema sawa, atabadilisha mwelekeo, akavaa visikizio vyake.

Jioni mezani nilimuuliza baba mwenyewe. "Baba, ulipokuwa unachora vivuli ulikuwa unageuza karatasi, si ndiyo?"

Alitafuna kwanza. "Eeh," akasema. "Nilikuwa nageuza."

Mama alikuwa anafunika sufuria. Mfuniko ukamponyoka, ukalia kwa kishindo tukashtuka wote.

"Mvua hii," alisema mama, "inalegeza mikono."

Jumanne, 2 Aprili

Mvua usiku na mchana. Kuta za ofisi zimeota ukungu.

Jumanne, 9 Aprili

Yuko hai! Fundi amegeuza vistari vyote vikalalia kushoto, mimi nimejifunza upya kuchora kwa kupindisha ubao mpaka shingo imekakamaa, na leo Tarishi ameshuka ngazi, amesimama, amejaribu kufungua mwavuli, ukagoma. Nimetokwa na machozi mbele za watu. Hata Bwana Laini amesema, "Mzee alikuwa na mkono, jamani." Nikamwambia siri ni kugeuza karatasi. Sasa ofisi nzima inajua siri ya baba, nimeisambaza mwenyewe kwa mdomo wangu.

Jumatatu, 15 Aprili

Naandika kalamu ikitoboa karatasi.

Leo wamebandika ukutani orodha ya majina yatakayopita mwisho wa filamu, ili kila mtu ahakiki herufi zake. Juu kabisa jina la baba, sawa, haki yake. Kisha Bwana Laini, mara tatu kwa vyeo vitatu. Kisha ghorofa ya juu yote. Nikatafuta jina langu chini ya Wachoraji. Halipo. Nikatafuta chini ya Wasanifu. Halipo. Nimelikuta karibu na ardhi, pamoja na mabinti wawili wa mazoezi, chini ya kichwa cha habari: WAJAZAJI.

Wajazaji!

Niliingia ofisini kwa Bwana Laini bila kubisha hodi. "Mimi najaza nini?"

"Usilichukulie vibaya," alisema. "Mwili wa Tarishi umetengenezwa na kompyuta. Wewe unapitisha mistari juu. Kitaalamu huko ni kujaza."

"Ukiutoa mstari wangu, kinabaki nini?"

"Linabaki umbo."

"Linabaki sabuni! Mtu akimtazama Tarishi anaona nini? Anaona mstari. Hilo umbo lako hakuna atakayeliona, limefunikwa. Halafu aliyechora kinachoonekana unamwita mjazaji, na aliyetengeneza kisichoonekana unamwita msanii?"

Akasema atalifikiria. Akanipa biskuti. Biskuti!

Nyumbani nikaanza upya, chakula kikapoa. Nilisema mtu anayeita kazi ya namna hii kujaza hana macho. Nilisema ni wizi, wizi wa mchana kweupe, maana ukishampa mtu jina dogo, huhitaji tena kumshukuru. Baba alikuwa ameinamia sahani. Mama alikuwa anapiga pasi shati langu pale pembeni, anasikiliza.

"Kwani kujaza kuna ubaya gani?" aliuliza.

"Mama," nikamwambia, "wewe huwezi kuelewa."

Akageuza shati, akaendelea na kola.

Jumanne, 16 Aprili

Bado nina hasira. Biskuti nimeitupa.

Jumatatu, 22 Aprili

Nitaandika polepole, nisije nikajidanganya.

Asubuhi Fundi aliniambia mashine imekataa ukurasa mmoja kati ya mia nne. Imeuwekea alama nyekundu: kosa. Akanionyesha. Tarishi yuko ofisini kwa mkubwa, ameleta faili lisilo lake. Visanduku vitatu vya kwanza vya picha ni kama kawaida, mstari unaanza mnene unakonda, kiwiko kinakatika, vivuli vimelalia kushoto. Kuanzia kisanduku cha nne mambo yamebadilika. Mstari ni mnene mwanzo mpaka mwisho, mzito, una matone. Kiwiko hakikatiki. Na vivuli vimelalia kulia.

"Hapa amekaa mtu mwingine," alisema Fundi. "Ukurasa ni mmoja, mikono ni miwili. Kuanzia kisanduku cha nne ni mtu wa mkono wa kulia."

"Atakuwa msaidizi wa gazetini," nikasema.

"Huenda. Nyuma pana tarehe." Akafungua picha ya upande wa nyuma, akaisoma kwa sauti. Mwandiko ulikuwa wa baba, naujua kama uso wake. Tarehe ilikuwa Alhamisi niliyozaliwa.

Fundi akaniuliza kama naumwa. Nikasema hapana. Nikakaa.

Uchungu ulimshika mama Alhamisi akiwa anajaza. Mara mia nimeisikia! Akaacha visanduku vitatu vimekauka, akapelekwa hospitali, na ukurasa ulitakiwa Ijumaa. Baba akakaa kitini kuumalizia. Huo mkono mzito wenye matone, unaolalia kulia, ndio wa baba. Na ule mwingine wote, kurasa mia tatu tisini na tisa na visanduku vitatu, ule mstari ninaoupigania tangu Machi, ule niliousifu mbele ya ofisi nzima, niliougombea mpaka nikasimama juu ya kiti siku moja, si wa baba hata kidogo.

Mama anaandika kwa mkono wa kulia. Lakini pasi anaishika kwa kushoto. Kisu, kushoto. Mkasi, kushoto. Nimeyaona haya maisha yangu yote. Mimi, mchoraji, mtu ninayelipwa kwa sababu ya macho yangu.

Jumanne, 23 Aprili

Baba alikwenda kunyoa. Nikamfuata mama jikoni.

"Mama, mistari ya Tarishi alikuwa anaichora nani?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mtaa anaokaa. "Kwani hukujua?"

"Sikujua."

"Baba yako alikuwa anachora kwa penseli. Mimi napitisha wino, vikikauka nafuta penseli. Penseli yake ni nyepesi sana, anachora utadhani anaogopa kuiumiza karatasi. Tarishi ameelekea wapi, amekasirika kiasi gani, hiyo anaijua yeye. Lakini mtu hachapishi penseli."

"Kwa hiyo kwenye kurasa zote zile hakuna hata unywele mmoja aliouchora baba."

"Upo ukurasa mmoja," alisema mama, akacheka. "Aliuharibu siku hiyo. Nilimlilia kuliko nilivyolia uchungu."

Nikamuuliza kwa nini basi anaandika kwa kulia. Akasema darasa la kwanza mwalimu alimfunga mkono wa kushoto na kitambaa, muhula mzima. "Kuandika walinifundisha, wakanifundisha kwa kulia. Kuchora hawakunifundisha, kwa hiyo walisahau kunikataza."

"Hiyo kazi siyo kujaza, mama."

"Ninyi ndio mlioiita kujaza. Mimi nilikuwa naiita Alhamisi."

"Kwa nini hukusema?"

"Nani aliniuliza?" Akafunga bomba la maji. "Halafu juzi umeniambia siwezi kuelewa."

Hakulisema kwa ukali. Angelisema kwa ukali ningepata nafuu. Nimeona haya, haya ya kutaka kuingia chini ya meza. Hotuba yote ile niliyoitoa juu ya mtu asiye na macho, mwizi wa mchana kweupe, nilikuwa naitoa kwa mdomo uliosema "mama anajaza tu" kwa miaka thelathini, na niliyemwibia alikuwa amesimama pembeni ananipigia pasi shati la kuvaa kesho. Bwana Laini amenifanyia mimi hivyo hivyo mwezi mmoja tu.

Jumatano, 24 Aprili

Sijasema na baba.

Ijumaa, 26 Aprili

Baba ameniuliza kama naumwa. Nimemwambia ndiyo.

Jumapili, 28 Aprili

Nimeshindwa kujizuia. Mama alikuwa amelala kidogo mchana, mvua inapiga bati, baba anasoma gazeti. Nikamwambia alinidanganya kuhusu kugeuza karatasi.

"Jibu ulikuja nalo mwenyewe," alisema. "Mimi nililipokea tu."

"Baba!"

Akakunja gazeti mara nne. "Gazeti lilitaka jina moja. Nafasi ya jina ilikuwa ndogo, hivi." Akaonyesha kwa vidole. "Nikasema nitalirekebisha mwaka ujao. Halafu watu wakaanza kunisalimia barabarani. Ukishasalimiwa miaka kumi, utaanzaje?"

"Ungeanza."

"Tarishi nilimwaza mimi. Viatu, mwavuli, utani wote."

"Sikatai. Lakini waliompenda walimpenda kwa macho, na macho yalikuwa yanaona wino wa mama."

Nilitaka ajibu, ili nigombane naye vizuri. Alikaa ameshika lile gazeti lililokunjwa, nikaona amezeeka, na hata hilo likaniudhi, maana mtu mzee humgombezi kwa raha.

Ijumaa, 3 Mei

Tumeshinda. Wadau walitazama ya ghorofa ya juu wakasema nzuri. Walipotazama yetu, mwavuli ulipogoma, wakaangua kicheko, na mama mmoja mtu mzima akasema, "Huyu ndiye. Huyu ndiye wa Jumamosi." Bwana Laini akasimama akawaeleza jinsi Mzee alivyokuwa anageuza karatasi. Nilinyanyua mkono. Akanikata kauli: maswali baadaye.

Mstari umepona. Jina la mwenye mstari halimo.

Ijumaa, 10 Mei

Leo baba alialikwa studio arekodiwe akimchora Tarishi, wapate kipande cha kutangazia filamu. Mama alikuja naye kumshikia miwani na mwavuli. Alipewa kiti pembeni, karibu na nyaya, mkoba magotini.

Taa zikawashwa. Baba akachukua penseli, na haki yake nitampa: kwa mistari saba ya ukungu Tarishi alikuwa pale, amechelewa, faili linateleza. Watu walipiga makofi. "Sasa wino, Mzee," alisema Bwana Laini. "Tuone ule mstari."

Baba akanitazama mimi. Sikumsaidia. Akachovya kalamu, akaanza na kofia. Mstari ukatoka mzito kama kamba. Akafika kiwikoni, hakikukatika. Akaanza vivuli, vikalala kulia, tone likaanguka shavuni kwa Tarishi. Fundi akavua visikizio. Baba alikuwa anatoka jasho, na watu walikuwa wanatabasamu ile tabasamu ya kumhurumia mzee.

"Toka hapo," sauti ilisema. "Unamharibu."

Mama alikuwa amesimama. Mkoba ameuacha kitini. Hakuwa amekasirikia jina, wala mkataba, wala miaka. Alikuwa amekasirikia lile tone. Alimsogeza baba kwa nyonga, kama anavyomsogeza jikoni, akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto, akaipangusa ncha kwenye kidole. Lile tone akaligeuza fuko la chini ya jicho. Ule mstari wa kofia mzito kama kamba akaukondesha kwa kuongeza weusi nyuma yake. Kisha akashuka bega moja kwa moja, mnene, mwembamba, akafika kiwikoni, akanyanyua kalamu kidogo, pumzi moja, akaendelea. Vivuli vikalalia kushoto, fya fya fya. Chumba kizima kiliona. Dakika nne tu, na Tarishi alikuwa anatutazama kama ametoka kupanda ngazi.

"Ufutio," alisema mama, akinyoosha mkono bila kutazama. Baba ndiye aliyempa.

"Zima kamera," alisema Bwana Laini.

Jumanne, 14 Mei

Bwana Laini anasema kipande cha mama hakitatumika. Watazamaji wanamjua Mzee, hawamjui Bibi. Wataweka baba akichora penseli, halafu Tarishi aliyekamilika. Nikamuuliza katikati je? Akasema katikati watajaza na muziki.

Nilimrudishia biskuti yake kwa pakiti nzima niliyoinunua, nimemmwagia mezani.

Ijumaa, 17 Mei

Filamu itafunguka na sahihi ya baba ikijiandika yenyewe kwenye karatasi tupu, ile sahihi iliyokaa pembeni mwa kila ukurasa, mkia wake umejikunja kama sikio. Ili ijiandike, Fundi anahitaji mwendo wa mkono. Baba akaja akaandika kwenye ubao wa kioo. Mashine ikalinganisha na za gazetini, ikaweka alama nyekundu: kosa. Akarudia. Kosa. Mara ya sita Bwana Laini akamwambia Fundi programu yake ni mbovu, mtu hawezi kukosea sahihi yake mwenyewe.

Baba akaweka kalamu chini. "Programu ni nzima," alisema. "Sahihi hiyo siyo mimi niliyeiandika. Nilikuwa naigusia kwa penseli, mke wangu anapitisha wino. Kama kila kitu."

"Mzee, umechoka. Tupumzike kidogo."

"Sijachoka. Nimekuwa mwoga, ni vitu viwili tofauti." Akamgeukia Bwana Laini. "Mkiitaka sahihi, mwombeni yeye. Na jina lake likae chini ya langu, pale pale mwanzoni, kwa ukubwa ule ule. Vinginevyo la kwangu nalo mlitoe."

Bwana Laini akataja mkataba. Baba akasema ameusoma, unasema jina ni la aliyechora, na aliyechora wamemwona wote Ijumaa iliyopita chini ya taa zao wenyewe. Nilikuwa na hotuba nzima mfukoni, nimeiandaa siku tatu, sikuihitaji. Nilimshika baba mkono. Bado nina hasira naye, lakini nilimshika.

Bwana Laini alitembea mpaka dirishani, akarudi. "Haya," akasema. Nikamwambia aandike na hili pia: neno Wajazaji litoke ukutani, liandikwe Mstari. Akaandika.

Fundi akaenda mwenyewe kumchukua mama nyumbani. Mama akaandika sahihi ya baba kwa mkupuo mmoja, mkia na sikio lake, na mashine haikuweka alama yoyote. "Sasa la kwako, Mama," alisema Fundi. "Hapo chini."

Mama akaweka kalamu kwenye kioo. Haikwenda. Akaitazama, akaihamishia mkono wa kulia, akairudisha kushoto.

"Mkono huu haulijui," alisema. "Haujawahi kuliandika."

Kweli. Mkono ule umeandika jina la baba Jumamosi elfu moja mia sita na zaidi, na la kwake haujaliandika hata mara moja. Fundi akamwambia asijali, aandike tu kwa kulia.

"Kwa kulia ni ule mwandiko wa mwalimu," mama alisema. "Nipeni mpaka Jumatatu."

Jumapili, 19 Mei

Mvua zimekatika. Asubuhi nimekwenda kuziangalia ndoo, zimekauka, nimezipanga moja ndani ya nyingine. Fundi wa paa anakuja Jumatano, nitarudi kwangu.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa kwenye meza ya kuchorea, mlango wazi. Mbele yake karatasi, na karatasi imejaa jina lake, kwa shoto, juu mpaka chini. Mistari ya mwanzo ni ya mtoto wa darasa la kwanza, herufi zinaangukiana. Huko chini zimeanza kusimama.

Baba alikaa upande mmoja na penseli yake iliyochongwa. "Ngoja nikuwekee kwa penseli," alisema taratibu. "Herufi nyepesi tu, wewe upitishe juu."

Mama hakunyanyua kichwa. "Wewe usinichoree."

Nikaona herufi moja tumbo lake limebaki wazi, wino haukufika. Nikanyoosha mkono kuchukua kalamu nyingine.

"Na wewe," alisema, "usinijazie."

Nikairudisha kalamu. Baba akanisogezea kiti, nikakaa, tukamtazama akianza mstari mwingine.